UCHAMBUZI: Mbona barua ya mwaliko haitoshi kumfikisha mzazi ughaibuni

WASWAHILI husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ujio wa mgeni ni heri kwa nyumba nzima, na mwenye nyumba akishakubali kumpokea, hakuna mwingine mwenye haki ya kumzuia mlangoni.

Msemo huo hufika kikomo kwenye dirisha la maombi ya viza. Hapo, mwana anaweza kuwa na nyumba ya vyumba vinne mjini Leeds, kazi ya kudumu na moyo mkunjufu, na bado mamake mzazi akanyimwa ruhusa ya kwenda kumwona kwa majuma matatu.

Kila mwaka Wakenya wanaoishi Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani na kwingineko huandika barua za kuwaalika wazazi, ndugu na marafiki. Kuna wanaoalika kwa harusi, kuna wanaoalika kwa mahafali au kwa kuzaliwa kwa mjukuu. Wapo pia wanaoandika barua hizo wakiwa katika majonzi, kwa kuwa shughuli inayowasubiri wageni wao ni mazishi.

Sehemu kubwa ya masikitiko yanayofuata hutokana na jambo moja ambalo familia nyingi hazilielewi. Ahadi ya mwenyeji na sifa za mgeni ni vitu viwili tofauti mbele ya sheria. Baadhi ya nchi huipa ahadi hiyo uzito mdogo sana. Nyingine huigeuza kuwa deni linaloweza kumwandama mwenyeji kwa miaka mingi. Familia isiyojua inashughulika na nchi ya aina gani hupoteza fedha na muda, na mara nyingine hupoteza hata nafasi ya kusafiri tena.

MASWALI MATATU

Uingereza ni mfano wa nchi za kundi la kwanza. Kanuni zake humtaka afisa anayeshughulikia ombi ajiridhishe kuhusu mambo kadhaa, na makuu ni matatu. Je, mwombaji ni mgeni wa kweli? Je, ataondoka muda wake utakapokwisha? Je, gharama zake zitalipwa bila yeye kufanya kazi huko wala kutegemea fedha za umma?

Barua ya mwaliko hujibu swali la tatu pekee. Kanuni humruhusu mtu mwingine kumlipia mgeni nauli, chakula na malazi, mradi uhusiano wao uwe wa kweli, mwenyeji awe na uwezo, na yeye mwenyewe awe hakiuki sheria za uhamiaji. Mkenya ambaye kibali chake kimekwisha hawezi kumdhamini mtu, hata awe na akiba kubwa kiasi gani.

Maswali mawili ya kwanza hayajibiwi na mwenyeji. Yanahusu maisha ya mgeni nchini Kenya: anafanya kazi gani, ana mali gani, anamwacha nani nyumbani, na kama amewahi kusafiri nje akarudi kwa wakati.

Kwa hivyo, mwana anayeijaza bahasha stakabadhi za mshahara wake, mkataba wa nyumba na barua ya mwajiri, kisha akaambatisha ukurasa mmoja tu kumhusu mamake, huwa amejibu kwa ufasaha swali ambalo pengine halikuwa na utata. Swali lililomtia afisa shaka hubaki bila jibu.

Marekani imekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 214(b) cha sheria yake ya uhamiaji humchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa mtu anayenuia kuhamia huko, hadi yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo hueleza waziwazi kuwa barua ya mwaliko haihitajiki. Mwombaji hupimwa kwa makao yake na mambo yanayomfunga na nchi anakotoka, wala si kwa hakikisho la jamaa walioko Marekani.

Mahojiano kwenye ubalozi huwa mafupi. Mzazi aliyekesha akikariri anwani ya mwanawe na cheo chake kazini huulizwa anavyoishi yeye, na hapo ndipo wengi hutatizika.

AHADI INAPOGEUKA DENI

Katika kundi la pili, mwenyeji ndiye anayekaguliwa kwa makini. Nchini Ujerumani, anayetaka kumgharimia mgeni hufika mbele ya ofisi ya wageni ya eneo lake, huonyesha mapato yake, hulipa ada ya euro 29 na kutia sahihi hati rasmi ya kujifunga. Hati hiyo huambatishwa kwenye ombi la viza.

Wengi huitia sahihi wakidhani ni barua ya mwaliko tu iliyopigwa muhuri. La hasha. Anayeitia sahihi huahidi kuirejeshea serikali fedha zozote za umma zitakazotumika kwa chakula, makazi na matibabu ya mgeni huyo, pamoja na gharama za kumrudisha kwao ikiwa atakataa kuondoka.

Tangu Agosti 2016, wajibu huo unaweza kudumu hadi miaka mitano. Hata mgeni akiomba hifadhi ya ukimbizi na kukubaliwa, mdhamini wake haponi kwa sababu hiyo pekee. Rafiki aliyemwalika rafiki kwa majuma mawili anaweza kujikuta akidaiwa gharama za miaka.

Ufaransa nayo humtaka mwenyeji aende kwa ofisi ya meya wa mji wake kuomba cheti cha kumpokea mgeni, ambacho hulipiwa euro 30. Mwenyeji huthibitisha kuwa ana nafasi ya kutosha nyumbani na kuwa atagharimia mahitaji ya mgeni iwapo mgeni mwenyewe atashindwa.

Kanada ina njia mbili. Kwa mgeni wa kawaida, barua ya mwaliko husaidia lakini haihakikishi chochote. Kwa wazazi na mababu, kuna viza maalumu iliyoanzishwa Desemba 2011. Tangu Julai 2022, anayeipata anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja.

Masharti yake ni mazito. Mtoto au mjukuu aliyeko Kanada sharti athibitishe kuwa mapato yake yamefikia kiwango kilichowekwa kulingana na idadi ya watu katika familia yake. Mzazi naye hupimwa afya, na sharti awe na bima ya matibabu ya angalau dola 100,000 za Kanada kwa muda usiopungua mwaka mmoja.

Kwa mlezi wa wagonjwa anayefanya zamu mbili mjini Toronto ili kulipa kodi ya nyumba na karo ya wadogo zake Kenya, bima ya mzazi mwenye umri wa miaka 70 na shinikizo la damu si gharama ndogo. Ndiyo maana njia hii, ijapokuwa ni pana, huwafaa zaidi wale ambao tayari wamejikimu.

Hali ni ngumu zaidi katika nchi za Ghuba. Mkenya anayefanya kazi za nyumbani huko mara nyingi huishi chini ya udhamini wa mwajiri wake. Aliye mgeni katika nyumba ya mwingine hana sebule ya kumkaribisha mamake.

MALI ISIYO NA KARATASI

Lililo gumu zaidi kwa familia za Kenya ni kuthibitisha kuwa mzazi ana sababu ya kurudi. Ajabu ni kwamba wengi wa wazazi hao hawana haja yoyote ya kubaki ughaibuni. Wana mashamba, mifugo, makanisa au misikiti yao, vyama vya akina mama na makaburi ya waume zao. Wanachokosa ni karatasi za kuyasema hayo.

Mathalan, mjane anayeishi Kakamega anaweza kuwa analima ekari tatu, lakini hatimiliki ingali katika jina la babamkwe aliyefariki miongo miwili iliyopita kwa sababu familia haijamaliza kesi ya urithi. Machoni pa majirani, ni mwenye mali. Machoni pa afisa anayesoma faili katika mji wa mbali, hana chochote.

Fedha zake nazo hupitia kwenye simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mamilioni ya Wakenya wameuza maziwa, kupokea msaada wa watoto wao na kulipa madeni bila kuingia benki. Mama wa namna hiyo akifungua akaunti kwa ajili ya viza, akaunti hiyo huwa haina historia.

Hapo ndipo kosa linalorudiwa mno hutokea. Mwana hutuma Sh400,000 ziingie katika akaunti ya mamake juma moja kabla ya ombi, akiamini kuwa kiasi kikubwa kitamridhisha afisa. Afisa huona mtu ambaye kwa mwaka mzima alikuwa na salio la Sh6,000, kisha ghafla akawa na pesa ambazo asili yake haikuelezwa. Fedha zilizokusudiwa kumtetea mama humgeukia na kuwa ushahidi dhidi yake.

Ingekuwa bora zaidi pesa hizo zibaki kwa mwana, na barua iseme ukweli kwamba yeye ndiye mlipaji. Kisha maisha ya mama yaelezwe kwa hati zilizopo: taarifa za M-Pesa za miezi kadhaa, malipo ya kila mwezi na bonasi ya majani chai, stakabadhi za chama cha ushirika cha maziwa, pensheni ya aliyekuwa mwalimu, kitabu cha akiba, na barua ya chifu kuhusu shamba ambalo urithi wake haujakamilika.

Hata uhusiano wa damu huhitaji kuthibitishwa. Wazee wengi walizaliwa wakati ambapo kuandikisha vizazi halikuwa jambo la kawaida vijijini. Jina la mama katika cheti cha kuzaliwa cha mwanawe pengine ni la ubatizo, ilhali kitambulisho chake kina jina la ukoo na la mume. Tofauti hiyo isipoelezwa, mama na mwana huonekana kama watu wasiojuana.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huo ni wasia mwingine ambao sheria za ughaibuni hazikubaliani nao, kwa kuwa jembe ndilo kitu cha kwanza ambacho mgeni hukatazwa kushika.

Tatizo hili hujitokeza hasa mtoto anapozaliwa. Kwa desturi za jamii nyingi za Kenya, nyanya huja kumwogesha mtoto, kumpikia mzazi uji na kukaa naye hadi apate nguvu. Hakuna anayeiita kazi. Hata hivyo, barua inayosema kuwa mama anakuja kulea mtoto ili mwana na mkewe warudi kazini huweza kusomwa kama barua ya kuajiri yaya asiyelipwa.

Mwongozo wa Uingereza humruhusu jamaa kumwangalia mtoto akiwa katika ziara fupi, mradi hilo lisifikie kiwango cha kuajiriwa kama mlezi. Mpaka huo ni mwembamba. Familia haihitaji kuficha kuwa kuna mtoto mchanga. Inahitaji kujua kuwa ziara ya miezi sita, inayolingana siku kwa siku na likizo ya uzazi inapokwisha, itazua maswali.

Kuna pia suala la ugonjwa. Nchi za eneo la Schengen humtaka mgeni awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Uingereza haina sharti hilo kwa wageni, na kwa sababu hiyo wengi husafiri bila bima wakidhani hospitali za umma huko hutibu kila mtu bure.

Matibabu katika kitengo cha dharura hayalipishwi, lakini mgeni akilazwa huweza kutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa kwa miezi miwili, linaweza kuwa sababu ya kumnyima viza siku nyingine. Mwenyeji anayetumia pauni 1,000 kwa tiketi na kukosa kununua bima huwa ameacha mlango wa nyuma wazi.

Halafu kuna upweke, ambao hakuna fomu inayouliza. Mzazi aliyezoea kusalimiwa na kijiji kizima hufungiwa katika nyumba ya ghorofa ya tano mwezi wa Januari, wenyeji wake wakiwa kazini tangu alfajiri. Baada ya majuma mawili huanza kuuliza tarehe ya kurudi. Huo ni uthibitisho wa nia ya kurejea Kenya ambao afisa wa viza hapati kuuona.

GHARAMA YA KUKATALIWA

Ada ya viza hailipwi kwa viza, hulipwa kwa ombi. Ombi likikataliwa, pesa hazirudi. Kufikia Aprili 2025, ombi la viza ya mgeni ya miezi sita la Uingereza lilikuwa pauni 127, karibu Sh22,000. Marekani ilipandisha ada yake kutoka dola 160 hadi 185 mnamo Juni 2023, na sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 ikaidhinisha ada nyingine ya dola 250 kwa wanaokubaliwa. Nchi za Schengen zilitoka euro 80 hadi 90 mnamo Juni 2024.

Zidisha kiasi hicho kwa baba, mama na dada mdogo, kisha ongeza nauli ya kutoka kijijini hadi Nairobi kutoa alama za vidole. Shirika la LAGO Collective lilikadiria kuwa maombi ya Schengen yaliyokataliwa mwaka 2023 yaliwagharimu waombaji ulimwenguni takriban euro milioni 130 za ada pekee. Sehemu kubwa ya mzigo huo iliangukia nchi za Afrika na Asia.

Uchungu mkubwa hata hivyo ni kukosa pa kulalamikia. Historia ya Uingereza inafunza mengi kuhusu hili. Haki ya wageni kukata rufaa iliondolewa mwaka 1993. Ikarejeshwa mwaka 2000 kwa waliokwenda kuwatembelea jamaa. Ikaondolewa tena Juni 2013, isipokuwa kwa misingi finyu kama vile haki za kibinadamu.

Serikali ya wakati huo ilidai kuwa rufaa zilikuwa ghali, na kuwa waombaji wengi walikuwa wakiwasilisha mbele ya hakimu ushahidi ambao wangepaswa kuuambatisha tangu mwanzo. Ilisema kuomba upya ni rahisi na haraka zaidi.

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kuomba upya ni haraka, lakini ombi hilo hurudi kwa idara ile ile, likiwa na alama ya kukataliwa mara moja. Afisa aliyekosea hana wa kumsahihisha. Isitoshe, idara isiyosahihishwa na mtu wa nje haina sababu kubwa ya kuwa makini.

Ujerumani ilifuata mkondo kama huo Julai 1, 2025, ilipofuta utaratibu uliowawezesha waombaji kuuandikia ubalozi wauangalie upya uamuzi wao bila malipo. Anayepinga sasa hubaki na chaguo la kwenda mahakamani mjini Berlin au kuomba upya. Kwa Marekani, uamuzi wa kukataa chini ya kifungu cha 214(b) hauna rufaa.

Kwa harusi, familia inaweza kusogeza tarehe. Kwa mazishi, hakuna cha kusogeza. Uamuzi wa kawaida wa Uingereza huchukua takriban majuma matatu, na familia zilizofiwa huko hulazimika kuamua kama zitamzika marehemu bila mamake au zitaendelea kulipia chumba cha kuhifadhia maiti.

DHAMANA YA FEDHA

Nchi hizi hazina hofu bila sababu. Wapo wageni wanaotoroka, na kila anayefanya hivyo huwaharibia wanaomfuata. Swali ni jinsi ya kumtenganisha mtoro na mama wa watu.

Jibu mojawapo linalorudi mara kwa mara ni dhamana. Mwaka 2013, Uingereza ilipendekeza kuwatoza baadhi ya wageni kutoka mataifa sita, yakiwemo Nigeria na Ghana, dhamana ya pauni 3,000. Kenya haikuwa katika orodha hiyo. Mpango huo ulizua ghadhabu, hasa India, na ukaachwa Novemba mwaka huo huo.

Marekani ililifufua wazo hilo Agosti 2025, ikianza na Malawi na Zambia. Oktoba mwaka huo Tanzania nayo iliingizwa. Mwombaji aliyekubaliwa anaweza kutakiwa kuweka dola 5,000, 10,000 au 15,000, ambazo hurejeshwa akiondoka kwa wakati. Kiwango cha juu kilikuwa sawa na zaidi ya Sh1.9 milioni wakati huo.

Kwa mtazamo wa kwanza, dhamana ni haki kuliko ada. Ada hupotea hata kwa mtu mwadilifu, ilhali dhamana humrudia. Lakini dhamana isiyofikika huwa ni kizuizi kwa jina jingine. Mzazi wa mtu mwenye pesa atapita, na mzazi wa msafisha hospitali atabaki, hata kama wote wawili wana nia ile ile ya kurudi.

Australia imejaribu njia ya katikati. Ina viza ya mgeni anayedhaminiwa na jamaa yake, ambapo afisa anaweza kuitisha dhamana kulingana na kila ombi. Mgeni akivunja masharti, mdhamini hupoteza fedha hizo na kufungiwa kudhamini mwingine kwa miaka mitano. Jambo la maana ni kwamba ombi likikataliwa, mdhamini ana haki ya kuomba uamuzi ukaguliwe na baraza huru. Aliyebebeshwa mzigo amepewa pia sauti.

Hapo ndipo mizani ya nchi nyingi huegemea upande mmoja. Zinamtaka mwenyeji aahidi, alipe na awajibike, lakini mgeni wake akikataliwa, mwenyeji huyo hatambuliwi. Raia wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, anayelipa kodi huko kwa miaka 20, hana nafasi ya kusikizwa kuhusu kunyimwa viza kwa mamake.

UONGO HAUNA MIGUU

Mazingira haya yamewaneemesha madalali. Katika miji mikubwa ya Kenya hawakosekani wanaouza taarifa za benki za kubuni, barua za waajiri wasiokuwepo na hatimiliki za mashamba ya watu wengine. Baadhi huuza hata mialiko kutoka kwa wenyeji ambao mgeni hajawahi kuwaona.

Adhabu yake ni kali kuliko faida yoyote. Uingereza huweza kumfungia mwombaji aliyewasilisha hati ya uongo kwa miaka 10. Kanada humfungia kwa miaka mitano. Marekani humfungia maisha, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Mzazi asiyejua kusoma Kiingereza, aliyeachia dalali bahasha yake, hawezi kujitetea kwa urahisi kwa kusema hakujua kilichomo.

Kwa mgeni anayepitisha muda wake Marekani, zaidi ya siku 180 za kukaa kinyume cha sheria humfungia kurudi kwa miaka mitatu, na mwaka mmoja au zaidi humfungia kwa 10. Mwenyeji anayemshawishi mgeni wake abaki kidogo ajaribu bahati huwa anaziba njia ya ndugu wote waliosalia nyumbani.

NAIROBI NAYO IFANYE NINI?

Serikali ya Kenya haiwezi kuzitungia nchi nyingine sheria, lakini haikosi la kufanya. Mwaka 2024, Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, Marekani ikiongoza. Serikali husifu fedha hizo kila mwaka, na baada ya uchaguzi wa 2022 iliunda idara maalumu ya kushughulikia Wakenya wanaoishi ughaibuni.

Kenya yenyewe iliondoa viza kwa wageni mnamo Januari 2024 na kuweka kibali cha kielektroniki cha dola 30. Mwingereza anayekuja kumwona rafiki yake Malindi hukipata kwa simu, bila kuulizwa hatimiliki ya shamba lake. Si lazima Nairobi ilipize kisasi, kwa kuwa watalii huleta riziki. Lakini inaweza kuutaja ukweli huo inapoketi mezani.

Meza zipo. Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mkataba wa uhamiaji unaolenga kufungua nafasi kwa wafanyakazi wenye ujuzi. Wafanyakazi hao wana wazazi. Watafunga ndoa, watapata watoto, wataugua, na wengine watafia huko. Mkataba unaofungua mlango kwa mikono ya kijana bila kufikiria mama aliyemzaa haujakamilika.

Nyumbani, kuharakisha kesi za urithi na kurahisisha masahihisho ya majina katika vyeti kungewasaidia wazee wengi kuliko hotuba yoyote kuhusu ughaibuni. Hati hizo zingewafaa hata wasiotaka kusafiri.

Familia nazo zina wajibu wao. Kabla ya kuandika mwaliko, mwenyeji aulize kwanza nchi anakoishi inampima nani, yeye au mgeni wake. Akikuta kuwa ni mgeni, atumie jitihada zake nyingi kukusanya ushahidi wa maisha ya mzazi huko kijijini, miezi kadhaa mapema. Akikuta kuwa ni yeye, asome kila mstari wa anachotia sahihi, akitambua kuwa huko ukarimu ni deni. Na kwa vyovyote vile, anunue bima kabla ya kununua tiketi.